Maswali ya Wasomaji: Mwenzangu amekuja kwa viza ya utalii, je, tufunge ndoa na abaki?

Safari hii tumechagua barua tatu kuhusu wapenzi na wanandoa ambao mmoja wao yuko ughaibuni kwa viza ya matembezi. Majina na mambo yanayoweza kuwatambulisha waandishi tumeyaondoa.

Swali

Assalaam aleikum. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mwenyeji wa Mombasa, na ninaandika kutoka Houston, Texas, ambako nimekuja kumtembelea mchumba wangu. Yeye ni Mkenya kwa kuzaliwa, lakini sasa ni raia wa Marekani. Niliingia kwa viza ya utalii ya B-2, na uwanja wa ndege nikapewa miezi sita, ambayo miwili imekwisha pita. Nilikuja kutembea na kurudi. Mimi ni mwalimu na nina likizo bila malipo. Baada ya kufika, familia zote mbili zimeshikilia tufunge ndoa hapa hapa nisirudi, na mama mkwe amekwisha zungumza na imamu. Wengine wanatutisha kwamba mtu wa viza ya utalii akiolewa Marekani hukamatwa na kurudishwa kwao. Niliwahi kuolewa Mombasa na tukaachana. Tufuate njia gani?

Jibu

Wa aleikum salaam, dada yangu. Nianze na hilo mnalotishwa nalo. Hakuna sheria ya Marekani inayomkataza mgeni wa viza ya utalii kufunga ndoa akiwa nchini humo. Mtu anaweza kuingia kwa B-2, akafunga ndoa mbele ya jamaa zake, akaondoka kabla muda wake haujakwisha, na asiwe amevunja chochote. Sheria inaangalia jambo la pili, ambalo watu hulichanganya na hilo la kwanza: kubaki baada ya ndoa na kuomba ukaazi wa kudumu bila kutoka nchini.

Katika jambo hilo la pili, wewe umo katika kundi ambalo sheria imelifungulia mlango. Kifungu cha 245 cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia kinamruhusu mtu aliyeingia kihalali, yaani aliyekaguliwa na afisa wa mpakani akaruhusiwa kuingia, aombe kubadilisha hadhi yake akiwa ndani ya nchi, mradi kuna nafasi ya viza ya uhamiaji iliyo tayari kwa ajili yake. Mke au mume wa raia wa Marekani huhesabiwa kuwa jamaa wa karibu, na kundi hilo halina kikomo cha idadi kwa mwaka wala foleni ya kungojea nafasi. Kwa hiyo mume wako, akishakuoa, anaweza kuwasilisha fomu I-130 ya kuthibitisha uhusiano wenu, nawe siku hiyo hiyo ukawasilisha fomu I-485 ya kuomba kadi ya kijani, zote mbili katika bahasha moja.

Lakini kabla ya fomu yoyote, itazame rekodi yako ya I-94. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ni ruhusa ya kubisha hodi tu. Muda wa kukaa huwekwa na afisa wa mpakani, na tarehe ya mwisho huandikwa katika I-94, ambayo siku hizi ni ya kielektroniki na huchapwa kutoka kwenye tovuti ya idara ya forodha na ulinzi wa mipaka. Ichapishe sasa. Hakikisha kwamba jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, kwamba namba ya pasipoti ni sahihi, na kwamba tarehe ni ile ile unayoifikiria. Wapo watu wanaohesabu siku zao kwa kuangalia tarehe ya viza, ambayo inaweza kuwa na miaka kadhaa mbele, kumbe muda wao wa kukaa ulikwisha zamani.

Sasa tuje kwenye nia, ambako ndiko shauri la namna hii huweza kuharibika. Viza ya B-2 hupewa mtu aliyemridhisha afisa wa ubalozi kwamba atarudi kwao. Kifungu cha 214(b) kinamchukulia kila mwombaji kuwa mhamiaji mpaka athibitishe vinginevyo. Mtu aliyepanda ndege akiwa ameshapanga kuolewa na kubaki, kisha akamwambia afisa kwamba amekuja kutembea wiki tatu, amesema uongo ili apate faida ya uhamiaji, na adhabu ya uongo huo ni kuzuiwa maisha yote, isipokuwa apewe msamaha maalumu ambao nao haupatikani kwa urahisi. Mtu aliyekuja kutembea kwa kweli, kisha mambo yakabadilika akiwa huko, hajasema uongo wowote. Tofauti kati ya watu hawa wawili haionekani kwenye fomu. Huonekana katika maswali ya afisa na katika vielelezo.

Huenda umesikia habari ya siku 90. Tangu Septemba 2017, mwongozo wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kwa maafisa wake wa balozi unasema kwamba mtu akifanya, ndani ya siku 90 tangu aingie, jambo lisilolingana na viza yake, kwa mfano kuolewa na raia na kuanza maisha huko, anaweza kudhaniwa kuwa alidanganya nia yake. Mwongozo huo hauifungi USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, ambayo ndiyo itakayoamua ombi lako, lakini maafisa wake nao huitazama nia kwa kuzingatia mazingira yote. Kuna pia uamuzi wa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji wa mwaka 1980, katika shauri la Cavazos, uliosema kwamba kwa jamaa wa karibu wa raia, nia ya tangu mwanzo peke yake kwa kawaida haitoshi kumnyima mtu kadi ikiwa hakuna kasoro nyingine dhidi yake. Uamuzi huo unasaidia, ila haumwoshi aliyemdanganya afisa kwa kinywa chake au kwa karatasi. Kwa hiyo mimi sikushauri uhesabu vidole mpaka siku ya 91 kana kwamba siku hiyo ina dawa. Kilicho muhimu ni ukweli wako na ushahidi wake: tiketi ya kurudi uliyokata kabla ya safari, barua ya likizo kutoka kwa mwajiri wako, mkataba wa nyumba unayoendelea kuilipia kodi Mombasa. Viweke pamoja, na ukiulizwa kwa nini ulibadili uamuzi, eleza kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Na ikiwa kwenye simu zenu kuna mazungumzo ya kabla ya safari yanayoonyesha kwamba ndoa na kubaki vilikwisha pangwa, usipeleke ombi lolote kabla hujakaa na wakili wa uhamiaji ukamwonyesha mazungumzo hayo.

Muda nao una uzito kuliko ulivyokuwa zamani. Wengi wanasema kwamba mke wa raia akipitisha tarehe ya I-94 husamehewa, na ni kweli kwamba kifungu cha 245 kinamwondolea jamaa wa karibu kizuizi cha kupitisha muda na hata cha kufanya kazi bila kibali. Hata hivyo, mwongozo wa USCIS uliotolewa tarehe 1 Agosti 2025 umesisitiza kwamba ombi la I-130 halimpi mtu hadhi yoyote wala halimkingi na kuondolewa nchini, na kwamba idara inaweza kumpeleka mahakama ya uhamiaji mtu asiye na hadhi. Mnamo Novemba 2025 vyombo vya habari viliripoti kwamba huko San Diego baadhi ya wake na waume wa raia waliopitisha muda walikamatwa walipohudhuria usaili wa kadi ya kijani. Nadhani habari za namna hiyo ndizo zilizogeuka kuwa vitisho mnavyovisikia. Wewe bado una karibu miezi minne. Kama mtaamua kubaki, ombi lipokewe kabla ya tarehe yako kupita, na mapema iwezekanavyo, kwa kuwa fomu iliyosahauliwa saini hurudishwa na wiki nzima hupotea njiani.

Kuhusu ndoa yenyewe, nikaha aliyoipanga mama mkwe ni jambo la heri, lakini Texas inahitaji leseni ya ndoa kutoka kwa karani wa kaunti. Mtaenda wote wawili na vitambulisho, mtapewa leseni, na kwa kawaida mtangoja saa 72 kabla ya kufungishwa. Leseni hudumu siku 90. Imamu hujaza sehemu yake, huitia saini, na leseni hurudishwa kwa karani ili iandikishwe. Cheti kitakachotoka hapo ndicho kitakachoingia katika bahasha yenu.

Hapa kuna jambo ambalo dada wengi wa Pwani hulipuuza, nami nataka ulishike: talaka yako ya kwanza. USCIS itataka uthibitisho kwamba kila ndoa iliyotangulia, yako na ya mume wako, ilikwisha kisheria. Ile karatasi ya talaka iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi wawili, hata kama kwa dini imetosha, haitoshi hapa. Unahitaji talaka iliyosajiliwa, pamoja na cheti chake. Kama haikusajiliwa, mpigie ndugu yako leo aende kwenye Mahakama ya Kadhi, kwa sababu bila cheti hicho ndoa yenu mpya inaweza kuonekana batili hata kama kila kitu kingine kimenyooka. Hati yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili au Kiarabu itafsiriwe kikamilifu, na mfasiri aandike na kutia saini kwamba anazimudu lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi.

Kwa upande wa fedha, viwango vilivyoanza tarehe 1 Aprili 2024 ni dola 675 kwa I-130 ya karatasi, au 625 ikiwasilishwa mtandaoni, na dola 1,440 kwa I-485. Kibali cha kazi kinachoombwa pamoja nayo ni dola 260, na kibali cha kusafiri ni dola 630. Ukichukua vyote kwa karatasi unafika dola 3,005, kabla ya wakili na kabla ya daktari. Uchunguzi wa afya hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na USCIS, na tangu Desemba 2024 fomu yake, I-693, lazima iambatanishwe tangu mwanzo. Viwango hubadilika, angalieni ukurasa wa ada wa USCIS siku mnayotuma.

Mume wako atatia saini pia fomu I-864, na ningependa aisome yote kabla ya kuisaini. Ni ahadi ya kisheria kwamba atakukimu kwa kiwango kisichopungua asilimia 125 ya mstari wa umaskini wa serikali ya shirikisho. Kwa kaya ya watu wawili, kiwango cha mwaka 2025 kilikuwa dola 26,437 kwa mwaka. Kama kipato chake hakifiki, anaweza kumpata mdhamini mwenza. Ahadi hiyo haivunjwi na talaka. Huendelea mpaka uwe raia, au uhesabiwe robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, au uondoke nchini moja kwa moja ukiacha ukaazi, au mmoja wenu afariki dunia.

Ombi likishapokewa, kuna mambo mawili ya kujihadhari nayo. Usifanye kazi mpaka kibali kitoke, hata kusuka nywele au kulea watoto kwa malipo. Zaidi ya hayo, usikubali kamwe mtu akujazie fomu ya ajira akitia alama kwenye kisanduku kinachosema wewe ni raia wa Marekani: kufanya kazi bila kibali kuna msamaha kwa mke wa raia, lakini kujidai kuwa raia hakuna msamaha kabisa katika maombi ya ukaazi. Jambo la pili ni safari. Ukitoka nchini kabla ya kupata kibali cha kusafiri, ombi lako la I-485 huhesabiwa kuwa umeliacha. Nalisema hili nikijua uzito wake, kwa maana simu ya msiba haingoji. USCIS hupokea maombi ya dharura ya kibali hicho kwa sababu kama ugonjwa mzito au kifo cha ndugu, na hata hivyo si kila ombi hukubaliwa. Kama mzazi wako ni mgonjwa sana sasa hivi, liwekeni jambo hilo mezani kabla ya kuamua kubaki.

Njia nyingine ni kurudi Mombasa kwa wakati. Mnaweza kufunga ndoa Houston, ukaondoka kabla I-94 haijakwisha, mume wako akawasilisha I-130, na shauri likapita Kituo cha Taifa cha Viza kisha ubalozi wa Marekani Nairobi, ambako utafanyiwa usaili ukiwa na cheti chako cha tabia njema. Faida yake ni kwamba ukitua tena Marekani unaingia ukiwa mkaazi wa kudumu, na swali la nia yako ya utalii halipo. Hasara yake ni kutengana, mara nyingi kwa zaidi ya mwaka, na katika kipindi hicho si rahisi kuingia tena kwa B-2. Ipo pia viza ya wachumba, K-1, ambayo huombwa na raia tu kwa mchumba aliye nje ya nchi na waliyeonana naye ana kwa ana ndani ya miaka miwili iliyotangulia. Ukishaingia mnatakiwa kufunga ndoa ndani ya siku 90, kisha bado utalipia I-485. Kwa wawili ambao tayari wako pamoja na wako tayari kuoana, sioni faida yake.

Ushauri wangu kwako, dada, ni huu. Ikiwa hayo uliyoniandikia ndiyo kweli yenyewe, na talaka yako imesajiliwa, kubaki na kuomba ukiwa bado ndani ya muda ni njia halali. Ikiwa kuna neno ulilomwambia afisa wa ubalozi au wa uwanja wa ndege ambalo leo ungeona taabu kulirudia, rudi nyumbani kwa wakati na mfuate njia ya Nairobi. Mwaka mmoja wa kutengana unapita. Kizuizi cha uongo humfuata mtu miaka yote.

Mkikubaliwa kabla ndoa yenu haijafikisha miaka miwili, kadi yako itakuwa ya masharti, ya miaka miwili. Ndani ya siku 90 kabla haijakwisha mtawasilisha pamoja fomu I-751 mkionyesha kwamba mnaishi kama mume na mke. Anzeni kutunza ushahidi siku ya kwanza: mkataba wa pango wenye majina yote mawili, akaunti ya pamoja inayotumika kweli, bima, picha pamoja na jamaa. Baada ya miaka mitatu ya ukaazi, ukiwa bado unaishi na mume wako ambaye ni raia, unaweza kuomba uraia.

Swali

Habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na raia wa Tanzania, naishi Columbus, Ohio, na nina kadi ya kijani kwa miaka mitatu sasa. Mke wangu, ambaye naye ni Mtanzania, yuko hapa kwa viza ya utalii aliyoipata zamani, na muda wake unakwisha mwezi ujao. Kuna mtu anayejaza fomu za uhamiaji mtaani kwetu anayesema tumwongezee muda kwa fomu I-539 mara kwa mara mpaka mimi nipate uraia. Anataka dola 1,500. Je, tumwamini?

Jibu

Ndugu yangu, msimpe fedha hizo. Fomu za USCIS zenyewe hupatikana bure, na wenye ruhusa ya kutoa ushauri wa kisheria wa uhamiaji ni wakili mwenye leseni ya jimbo lolote la Marekani au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, ambao wengi wao hufanya kazi katika mashirika ya hisani kwa ada ndogo. Kishoka akikosea, jina litakaloharibika ni la mkeo.

Na mpango wenyewe haufai. Wewe bado si raia, kwa hiyo mkeo hayumo katika kundi la jamaa wa karibu. Yumo katika kundi la F2A, la wake, waume na watoto wa wakaazi wa kudumu, ambalo lina kikomo kwa mwaka na foleni inayotangazwa kila mwezi katika taarifa ya viza ya Wizara ya Mambo ya Nje. Pia ule msamaha niliomweleza dada wa Houston haumhusu: mtu wa kundi lake akipitisha muda wa I-94 au akifanya kazi bila kibali, kwa kawaida hupoteza haki ya kubadilisha hadhi akiwa ndani. Uraia unaweza kuuomba baada ya miaka mitano ya ukaazi, na ombi hupokelewa siku 90 kabla ya kutimia, kwa hiyo umebakiwa na karibu miaka miwili. Nyongeza ya muda wa B-2 hutolewa kwa mgeni mwenye sababu ya kuendelea kutembea na mwenye nia ya kuondoka. Kumngojea mume apate uraia ni sababu inayoonyesha nia iliyo kinyume.

Uraia wenu nao unaongeza ugumu. Tanzania iliongezwa katika orodha ya nchi ambazo raia wao wamewekewa vizuizi vya sehemu, yaani visivyo kamili, vya kuingia Marekani, kwa tangazo la rais wa nchi hiyo la Desemba 2025 lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Vizuizi hivyo vinagusa viza za utalii na za uhamiaji pia, na idara ya USCIS ikatangaza kuyaweka kando maombi ya raia wa nchi zilizomo kwenye orodha. Maana yake ni kwamba mkeo akiondoka anaweza kukuta mlango wa kurudi umefungwa kwa muda, na akibaki kwa kutumaini fomu, fomu hiyo inaweza isisogee. Najua hilo ni gumu kulisikia ukiwa umebakiwa na mwezi mmoja.

Hata hivyo mimi naona aondoke kwa wakati. Mtu aliyepitisha muda kwa zaidi ya siku 180 kisha akatoka hufungiwa miaka mitatu, na aliyefikisha mwaka mmoja au zaidi hufungiwa miaka kumi, wakati vizuizi vya orodha vinaweza kuondolewa kwa tangazo jingine. Wewe wasilisha I-130 sasa, ili tarehe ya foleni yake ianze kuhesabiwa. Siku utakayoapishwa kuwa raia, ombi hilo hilo litahamia kundi la jamaa wa karibu bila kuanza upya. Kwa kuwa una kadi ya kijani, vizuizi vile havikuzuii kusafiri, kwa hiyo unaweza kwenda kumwona Tanga, ila usikae nje zaidi ya miezi sita kwa safari moja, kwa sababu hapo hesabu yako ya miaka mitano ya uraia inaweza kuvurugika. Na kabla hajapanda ndege, lipieni saa moja ya wakili wa kweli na mumwonyeshe pasipoti zote mbili, kwa kuwa hali ya orodha hubadilika na huenda mna jambo ambalo barua yako haikulitaja.

Swali

Mimi ni raia wa Uingereza mwenye asili ya Zanzibar, naishi Leicester. Mchumba wangu amekuja kutoka Nairobi kwa viza ya matembezi ya miezi sita. Tumesikia kwamba Marekani watu hubadilisha hadhi wakiwa ndani. Je, nasi tunaweza?

Jibu

Hapana, binti yangu. Kanuni za uhamiaji za Uingereza hazimruhusu mtu aliyeingia kwa viza ya matembezi kubadili kwenda njia ya mume au mke akiwa ndani ya nchi. Kuna maombi ya haki za binadamu yanayokubaliwa katika mazingira ya pekee kabisa, lakini huo si mpango wa kuanzia maisha ya ndoa. Isitoshe, viza ya kawaida ya matembezi haimruhusu hata kufunga ndoa huko wala kutoa notisi ya ndoa kwa msajili. Kwa hilo kuna viza ya pekee ya mgeni anayekuja kufunga ndoa, ambayo nayo humtaka aondoke baadaye.

Arudi Nairobi kabla ya miezi sita kwisha. Kutoka huko anaweza kuomba viza ya uchumba, aingie, mfunge ndoa ndani ya miezi sita bila yeye kufanya kazi, kisha aombe tena akiwa ndani. Au wewe uende Kenya mkafunge ndoa kwa msajili, ambako notisi ni ya siku 21, na yeye aombe moja kwa moja viza ya mume. Mimi ningechagua hii ya pili, kwa sababu unalipa ombi moja badala ya mawili na anaweza kufanya kazi tangu siku anayofika. Viza hiyo ni ya miezi 33, huongezwa miezi 30, na baada ya miaka mitano anaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Kikwazo kikubwa ni kipato. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 unatakiwa uwe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, badala ya 18,600 za zamani, au akiba ya pauni 88,500 iliyokaa benki miezi sita kama huna kipato kabisa. Wanaopokea baadhi ya posho za ulemavu au za uangalizi wa mgonjwa hupimwa kwa kipimo kingine kilicho chepesi zaidi. Yeye atahitaji cheti cha Kiingereza cha ngazi ya A1, cheti cha kupima kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa Nairobi, ada ya ombi ambayo imepita pauni 1,900, na tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa miezi 33 hufika pauni 3,105. Kama umeajiriwa na mwajiri mmoja, hati za mshahara za miezi sita mfululizo pamoja na taarifa za benki zinazoonyesha mshahara huo ukiingia ndizo zitakazobeba ombi, kwa hiyo usibadilishe kazi katikati ya miezi hiyo kama unaweza kungoja.

Naye atunze pasi ya kupandia ndege ya siku atakayoondoka Uingereza. Katika ombi la viza ya mume ataulizwa kuhusu safari zake zilizopita, na karatasi hiyo itaonyesha kwamba aliheshimu muda aliopewa.